Gazi isiyo na harufu iliyomshinda rubani

Ninyi mnaopenda mpira mnalikumbuka jina la Emiliano Sala. Usiku wa tarehe 21 Januari 2019 mchezaji huyo wa Argentina, mwenye miaka 28, alitoka Nantes, Ufaransa, kwenda Cardiff kwenye timu yake mpya. Ndege ilikuwa ndogo, Piper Malibu ya moteri moja. Ndani walikuwa watu wawili tu, yeye na rubani. Ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Guernsey. Mwili wa Sala ulipatikana. Wa rubani haukuonekana.

Waganga walipima damu ya Sala. Sehemu 58 kwa 100 za ile inayobeba oksijeni mwilini zilikuwa zimekamatwa na monoksidi ya karboni. Zikipita 50, hata kijana mwenye nguvu anaweza kufa. Na rubani alikuwa anavuta hewa ileile! Wachunguzi wa Uingereza walisema mwaka 2020 kwamba ndege ilimshinda alipokuwa anaikata kona gizani, na kwamba pengine sumu hiyo ilikuwa imekwisha kumlegeza. Katika ndege za namna hii, hewa ya kuwapa watu joto hupita kando ya bomba la moshi wa moteri. Bomba likipasuka, moshi unaingia ndani. Chombo cha kupiga kengele hakikuwamo.

Gazi hiyo haina rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu kupita oksijeni mara zaidi ya 200. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, miguu inalegea, akili inachelewa, na mwenyewe anadhani ni uchovu tu.

Sisi pia tunayo. Iko katika moshi wa baruti na wa moteri za mazuti. Ndiyo sababu kapita anakataza kurudi shimoni mbele hewa haijasafishwa. Iko nyumbani vilevile, wakati wa baridi ya mwezi wa sita na wa saba, mama anapoingiza mbabula chumbani na kufunga dirisha. Makala mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanayodanganya watu.

Ukikuta watoto wamelala na hawaamki, fungua mlango na madirisha, uwatoe nje mara moja, uwapeleke kwa munganga. Mwambie kwamba mbabula ilikuwa ndani. Bila neno hilo anaweza kutafuta malaria peke yake.