Majibu ni mazuri, mbona hulali?

Wapo wanaorudi kupima mara ya nne, majibu yale yale: hakuna virusi vya UKIMWI. Bado hawalali.

Kipimo cha damu ya kidoleni hutafuta askari ambao mwili huwatengeneza kupigana na virusi. Askari hao huchukua wiki kadhaa kuonekana. Ndiyo maana tunasema rudi baada ya miezi 3. Ukipima baada ya hapo, nawe hukutumia dawa za kinga wala kujiweka tena hatarini, liamini jibu. Kupima kila wiki kunamaliza nauli tu.

Mbu, choo na kikombe haviambukizi.

Ila aliyelala jana na mtu ambaye hajui hali yake asingoje miezi: awahi hospitali kabla ya saa 72 kupita, aulizie dawa za kinga za siku 28.