Riwaya Mikononi mwa Wachoraji

Mchoraji aandikapo riwaya, aghalabu wasomaji humdhania mgeni katika nyumba ya watu, na kitabu chake hukipima kwa mizani ile ile wampimiayo mtunzi wa hadithi: visa vinafuatana vipi, wahusika wamejengwa kwa umahiri gani, lugha inatiririka au inakwama. Mizani hiyo ni ya haki kwa mchoraji aliyeandika kwa kujiburudisha. Walakini haiwafai wale ambao riwaya kwao ni kazi ya sanaa sawa na picha au sanamu, kwani kwa hawa namna kitabu kilivyotengenezwa ni sehemu ya maana yake, na pengine ndiyo maana yake yote.

Giorgio de Chirico, Mtaliani aliyezaliwa Volos, Ugiriki, mwaka 1888, na ambaye picha zake za viwanja vitupu na vivuli virefu zilikuwa zimekwisha kumpatia sifa, alitoa Hebdomeros mjini Paris mwaka 1929, kwa Kifaransa. Hamna humo kisa chenye mwanzo na hatima. Mandhari moja huyeyukia katika nyingine, na mwenye kuzijua picha zake hutambua upesi kwamba mkono ni ule ule.

Mfano ulio bora zaidi, kwa rai yangu, ni wa Tom Phillips wa Uingereza. Mwaka 1966, akiwa amejiwekea shuruti ya kutafuta kitabu cha peni tatu na kukifanyia kazi, alinunua katika ghala la samani huko Peckham, London, riwaya iliyokwisha kusahauliwa, A Human Document ya W. H. Mallock, ya mwaka 1892. Akazifunika sahifa zake, moja baada ya moja, kwa rangi, wino na vipande vya karatasi, akibakiza maneno machache tu yaliyounganishwa na vijito vyeupe vitambaavyo baina ya mistari, hata pakazuka hadithi nyingine ambayo Mallock hakuidhania kamwe. Mhusika wake mkuu huitwa Toge, naye hawezi kutajwa ila katika sahifa ambamo Mallock aliandika together au altogether, kwa kuwa herufi za jina lake humo tu hupatikana. Kazi hiyo, A Humument, aliirudia na kuitengeneza upya toleo baada ya toleo, mpaka la mwisho la mwaka 2016, miaka 50 tangu aanze.

Andy Warhol alishika njia ya kinyume. Riwaya yake iitwayo a, ya mwaka 1968, ni mazungumzo ya rafiki yake Ondine na wenzake yaliyonaswa kwa kinasa sauti, yakapigwa taipu na wasichana kadhaa, na makosa yao yote yakaachwa kwa makusudi. Fikra ni ya kijasiri. Kuisoma ni adhabu.

Ama Jill Magid, Mmarekani, aliagizwa mwaka 2005 na idara ya ujasusi ya Uholanzi, AIVD, aifanyie kazi ya sanaa kwa ajili ya makao yake mapya. Alizungumza na majasusi bila ya ruhusa ya kurekodi sauti zao, akiandika kwa mkono, na katika maandishi hayo akatunga riwaya. Idara ilipousoma mswada ilifuta yapata asilimia 40 yake. Kisha mswada kamili ukawekwa ndani ya kioo katika jumba la Tate Modern, London, mwaka 2009, watu wauone wasiweze kuusoma, na maonyesho yalipokwisha idara ikauchukua. Kilichochapwa ni kile kilichosalia. Hapa mkaguzi, bila ya kutaka, amekuwa mshirika wa mtunzi, jambo ambalo hakuna riwaya ya kawaida ingeweza kulidhihirisha kwa uwazi kama huo.

Msomaji apendaye kuonja fani hii na aanze kwa Phillips, ambaye hufurahisha jicho hata kabla ya akili kufahamu, amfuatishe de Chirico, na Warhol amwekee siku ambayo hana shughuli nyingine.