Sauti ya VJ iliyobaki ndani ya filamu ya Wakaliga

KAMPALA. Katika vibanda vya video vya jiji hili, filamu haiachwi ijisemee yenyewe. Pembeni ya skrini hukaa mtu mwenye kipaza sauti. Anatafsiri maneno ya waigizaji kwa Kiganda, anawapa majina ya mtaani, anamtania shujaa anapokosa shabaha. Waganda humwita VJ, yaani mchekeshaji wa video.

Kazi yake haiko mbali na ya mchekeshaji wa jukwaani. Mbele yake wapo watu waliolipa kiingilio, na utani usipowaingia anajua hapohapo.

Ufundi huo haujaishia Uganda. Tanzania inamkumbuka Lufufu, na Kenya ina DJ Afro. Kupitia sauti zao, watu wasiojua Kiingereza wamefurahia filamu za nje kana kwamba zimetengenezwa mtaani kwao.

Lakini ni katika mtaa wa Wakaliga, pembezoni mwa Kampala, ambako mchekeshaji huyo ameingia ndani ya filamu yenyewe. Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, alianzisha kampuni yake ya filamu mwaka 2005. Mwaka 2010 alitoa “Who Killed Captain Alex?”, filamu ya mapigano ambayo gharama yake inatajwa kutofika dola 200 za Marekani. Bunduki zilichongwa kwa mbao na vyuma chakavu.

Filamu hiyo ilikuwa bidhaa kama nyingine sokoni, na soko lake wafanyabiashara wa mipakani wanalielewa vizuri. Waigizaji wenyewe walibeba DVD na kuziuza mlango kwa mlango, wakigawana mapato na kampuni. Walikuwa na takriban wiki moja tu. Baada ya hapo wanakili haramu walikuwa wameshajaza mitaa, na nani angenunua kwa mtengenezaji wakati nakala ya bei poa iko kona ya pili?

Mtaji ulipokuwa mdogo kiasi hicho, hata nafasi ya kompyuta ilikuwa mali. Nabwana aliifuta nakala ya awali ya filamu hiyo ili apate nafasi ya kutengeneza nyingine. Iliyosalia ni ile ya DVD, ambayo VJ Emmie alikuwa ameshaiwekea sauti yake, akishangilia, akikejeli na kuwasifu makomando.

Ndiyo iliyowekwa YouTube na kutazamwa na mamilioni ya watu duniani. Wengi wao hawajawahi kuketi katika kibanda cha video, lakini wanacheka palepale ambapo watu wa Wakaliga walicheka. Mwaka 2015 mashabiki wa nje walichangia zaidi ya dola 13,000 kwa ajili ya filamu nyingine, ingawa Nabwana alikuwa ameomba dola 160 tu.

Michango ya namna hiyo haiji kila mwaka, na ile wiki moja ya mauzo imezidi kufupika. Zamani mwizi wa kazi alihitaji mashine ya kunakili na mzigo wa DVD. Leo filamu iliyotoka asubuhi Kampala inarushwa kwa simu na kufika Nairobi kabla basi halijafika Busia. Kicheko kinavuka mpaka bila ushuru, lakini fedha ya aliyekitengeneza mara nyingi inabaki njiani.