Sura ya Sita: Nyumba Yenye Mbavu

Msafiri anayefika Nyuzilandi akiwa na hamu ya kuona sanaa ya Wamaori mara nyingi hukimbilia makumbusho. Huko atakuta vitu vizuri ndani ya makabati ya vioo: mikuki, majoho ya manyoya ya ndege, mapambo ya jiwe la kijani liitwalo pounamu. Ni afadhali aanzie kwenye wharenui, nyumba ya mikutano inayosimama katika marae, yaani uwanja wa ukoo. Uchongaji, ususi, historia na taratibu za ukarimu vimekutana chini ya paa hilo moja, na mengi atakayoyaona baadaye yatakuwa na maana zaidi akishaielewa nyumba hii.

La kwanza kulishika ni kwamba nyumba hiyo ni mtu. Mara nyingi hubeba jina la mhenga ambaye ukoo mzima umetokana naye, na umbo lake ni mwili wa mhenga huyo. Juu kabisa mbele ya paa pana uso wa kuchongwa, koruru. Mbao mbili pana zinazoteremka kutoka hapo, maihi, ni mikono iliyonyooshwa, na ncha zake ni vidole. Ukishaingia, inua macho. Mwamba mrefu unaobeba paa, tāhuhu, ni uti wa mgongo, na makombamoyo yanayoshuka kulia na kushoto ni mbavu. Wanaukoo wanaokutana humo, wakiwa na harusi, msiba au ugomvi wa kusuluhisha, wamekaa kifuani mwa babu yao.

Kuta nazo zina watu. Nguzo bapa za pembeni, poupou, ni wahenga wengine, na macho yao yamepambwa kwa gamba la pāua, kiumbe wa baharini mwenye kaka linalong'aa rangi nyingi. Mchongaji hatafuti kufananisha sura. Humtambulisha mhenga kwa kisa chake. Tamatekapua, nahodha wa mtumbwi wa Te Arawa, huchongwa akiwa na mironjo, kwa sababu masimulizi yanasema aliipanda ili aibe matunda ya chifu Uenuku. Kati ya nguzo na nguzo huwekwa tukutuku, paneli zilizosukwa ambazo kwa desturi zimekuwa kazi ya wanawake. Mchoro wao wa ngazi, poutama, huelezwa kuwa ni safari ya binadamu kuelekea elimu.

Nyumba kubwa za namna hii zilishamiri karne ya 19. Kabla ya hapo uchongaji bora zaidi ulikuwa kwenye mitumbwi ya vita na maghala ya chakula. Zana za chuma zilirahisisha kazi, lakini msukumo mkubwa zaidi ulitokana na uchungu: ardhi ilikuwa inapotea, na koo zilihitaji mahali pa kushikamana. Mfano mzuri ni Mataatua, nyumba ya watu wa Ngāti Awa. Serikali ya kikoloni iliwanyang'anya ardhi kubwa mwaka 1866, nao wakaifungua nyumba hiyo mjini Whakatāne mwaka 1875.

Miaka minne baadaye Serikali iliipeleka kwenye maonesho ya Sydney. Walioisimamisha kule waligeuza kuta zake, nakshi za ndani zikatazama nje ili wapita njia wazione. Baba wa ukoo akageuzwa kitu cha kutazamwa. Kisha akavushwa hadi London, na baadaye akarudishwa Nyuzilandi, ila si kwao: aliwekwa katika makumbusho ya Dunedin, kisiwa kingine kabisa. Ngāti Awa hawakuacha kumdai. Mwaka 1996 walirudishiwa haki ya kummiliki, na mwaka 2011 nyumba ikafunguliwa tena Whakatāne, ambako leo inapokea wageni.

Namna ya kupokewa ni sehemu ya sanaa yenyewe. Katika marae mgeni hapigi hodi; husubiri langoni hadi mwanamke wa nyumbani apaze sauti ya kumwita, karanga. Hufuata hotuba, na kila hotuba husindikizwa na wimbo. Kisha wenyeji na wageni hugusanishana pua na paji la uso, hongi, ndipo chakula kikaandaliwa. Vua viatu kabla ya kuingia katika wharenui, usile ndani yake, usikalie mto wa kulalia kwa kuwa kichwa ni kitakatifu, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Ukianzia Waitangi, ambako mkataba kati ya machifu na Uingereza ulianza kutiwa saini tarehe 6 Februari 1840, utaona nyumba iliyofunguliwa miaka mia moja baadaye na kupambwa kwa nakshi za makabila mbalimbali. Te Puia mjini Rotorua utawakuta vijana wakijifunza uchongaji na ususi. Ukifika Te Papa, makumbusho ya taifa mjini Wellington, simama mbele ya kila kazi na uulize: huyu ni mhenga wa nani, nani alimchonga, na alifikaje hapa? Wenye majibu hayo wako hai, na wengi huyasimulia kwa fahari. Safari inayowapita wao na kuishia kwenye mbao imeacha nusu ya sanaa nyuma.