Jana kilikujua, leo kinakuuliza wewe nani!

Mpenzi msomaji, vijana wengi mjini wanalia na jambo moja. Unaingia kwenye programu ya intaneti, unachagua Kiswahili, unakuza maandishi, unaweka ile rangi nyeusi isiyoumiza macho. Ukirudi siku nyingine, programu inakukodolea macho kama haijawahi kukuona: Kiingereza kitupu, herufi kama sisimizi!

Wapo wanaodhani wamechezewa. Mimi nasema hakuna mchawi hapo.

Uliyoyachagua mara nyingi hayaendi kwa mwenye programu. Yanawekwa kwenye kijidroo ndani ya kivinjari chako, humo humo kwenye simu. Kijidroo chenyewe kidogo, kwa kawaida kama megabaiti 5 kwa kila tovuti, na ufunguo hushiki peke yako. Ukitumia dirisha la faragha, ukilifunga tu kila kitu kinafagiliwa. Simu ikijaa, kivinjari kinaweza kutupa vitu kipate nafasi. Ukiazima simu ya mshikaji, droo yako haiko kule. Na nyie wa Safari, tangu mwaka 2020 ukikitumia kivinjari hicho siku 7 bila kuigusa tovuti fulani, ilichokuwa imeweka kwenye droo kinafutwa. Apple walitaka kuwabana wanaofuatilia watu mtandaoni, lakini wema na wabaya wakasombwa pamoja.

Rangi ikipotea, unacheka yanaisha. Lakini namjua dada mmoja wa saluni aliyekuwa akiandika madeni ya wateja kwenye programu ya namna hiyo. Siku simu iliposafishwa, madeni yote yakaenda na maji. Nani tena atakumbuka kuwa anadaiwa?

Sasa nyie wadogo zangu mnaotengeneza programu, sikieni. Droo ikigoma kuandika, programu isife. Itumie mipangilio ya kawaida na kazi iendelee. Mnachokisoma humo kikagueni kwanza, huenda kimeharibika au ni cha toleo la zamani. Rangi na herufi viacheni humo, poa tu. Deni la mtu lipelekeni kwenye akaunti yake, au mpeni kitufe cha kutoa nakala.

Na wewe msomaji, kabla hujamwaga mambo yako, uliza: simu ikiibwa leo, haya nitayapata wapi? Ukijibiwa "humo humo kwenye simu", bwana, nunua daftari.