Kwa nini ORS humwokoa mtoto anayeharisha

Mzazi, mtoto akiharisha, maji matupu hayatoshi. Kila seli ya utumbo imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, wenye milango ya protini. Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza kuwa mlango mmojawapo hupitisha sukari ikiwa imeongozana na chumvi. Viwili hivyo vikiingia, maji hufuata. Hata kipindupindu hakiufungi mlango huo.

Ndiyo maana pakiti ya ORS ina vyote viwili. Changanya pakiti nzima na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa. Usiongeze sukari, maana ikizidi huvuta maji utumboni na kuharisha huongezeka. Mnyweshe kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha. Akilegea, macho yakiingia ndani au akishindwa kunywa, mwahishe kituo cha afya.