Kusoma kwa Ghaibu na Kutafakari

Mtu asemaye maneno ya kitabu pasipo kukitazama husemwa kuwa ayasoma kwa ghaibu, yaani kitabu hakipo mbele yake. Neno hili ni jema, wala hatuna ugomvi nalo. Lakini sisi tuliofundisha dini miaka mingi twajua kwamba pengine kisichokuwapo si kitabu, bali ni akili ya msomaji mwenyewe.

Siku moja tulikuwa tukiwajaribu watoto wa Komunyo ya kwanza. Tuliuliza maswali ya Katekisimu kwa taratibu yake, nao wakajibu wote kwa sauti moja, hata tukafurahi. Kisha kwa kusahau tukaruka swali moja. Darasa zima likatoa jibu la swali lile tuliloliruka! Twalisimulia jambo hili kwa aibu, maana watoto wale walifundishwa na sisi wenyewe.

Tuyatazame maneno. Kukariri ni neno la asili ya Kiarabu, na maana yake ni kurudia. Kufikiri na kutafakari yametoka katika shina moja la lugha hiyo hiyo, lakini kutafakari kuna uzito zaidi: ni kukaa na jambo moja, kuligeuza huku na huku, bila haraka ya kuliacha. Wamonaki wa zamani walikufananisha na kucheua kwa mnyama. Kwanza walizihifadhi zaburi moyoni, ndipo walipoyacheua maneno yake mchana kutwa, mikono ikiwa kazini. Basi asidhani mtu kwamba twakataza kuhifadhi. Ng'ombe hacheui asichokula. Kosa letu ni kuwalisha watoto, kisha kuwaondoa malishoni upesi kabla hawajapata kulala kivulini.

Yasimuliwa kwamba Mtakatifu Thomas wa Akwino, alipokuwa mwanafunzi wa Mtakatifu Albert huko Köln, wenziwe walimwita ng'ombe bubu kwa sababu ya ukimya wake. Mtu huyo, aliyefariki mwaka 1274, ameacha Summa Theologiae, kitabu kikubwa ambacho hakukimaliza, na kila mwalimu angefaa kujua jinsi kilivyopangwa. Hakianzi kwa jibu. Kila jambo laulizwa, kisha huwekwa kwanza hoja za wapingaji, tena kwa nguvu zake zote. Ndipo mwandishi atoapo jibu lake, na mwisho azijibu zile hoja moja moja. Hata katika swali kama Mungu yuko hakuogopa kutanguliza hoja mbili za kukana: kwamba uovu umo duniani, na kwamba mambo ya dunia yaonekana kuelezeka pasipo Mungu. Mahali pengine afundisha kwamba mwalimu akilikata swali kwa kutaja tu wakuu waliosema, msikilizaji atakuwa na hakika kwamba ndivyo ilivyo, lakini hatapata ujuzi, ataondoka mtupu.

Mtupu! Nasi twawajua hao. Kijana atoka shuleni na cheti kizuri, aenda mjini kutafuta kazi, na huko mwenziwe amwuliza swali moja tu ambalo halimo katika Katekisimu. Hana la kusema, maana hakupata kulisikia kwetu. Tulidhani tunamlinda kwa kumficha hoja za wapingaji. Mwaka wa pili haonekani tena kanisani, nasi twalaumu mji.

Waalimu wengine watasema kwamba mtihani u karibu na saa ni chache. Ni kweli, wala hatuna dawa ya hayo. Twasema tu tulilojaribu: mara moja kwa juma, jibu likiisha kusemwa kwa ghaibu, twamwita mtoto mmoja asimame alipinge, na wenziwe wamjibu. Mwanzo walicheka tu. Juma la tatu alisimama mtoto mmoja mpole, akauliza kwa nini ndugu yake mdogo alikufa kwa homa, ilhali mama yao alisali siku tisa. Hapana aliyecheka. Tulinyamaza kitambo, kisha tukamwambia kwamba swali lake ni lile la kwanza la Mtakatifu Thomas, na kwamba hatutalimaliza leo. Kengele ilipolia, watoto wanne walibaki.